Cheko Analolitaka Daktari

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Leo somo lilikuwa fa fe fi fo fu. Nimelikwepa tangu nirudi kazini. Nimefundisha ma, nimefundisha ka, nimefundisha la mpaka watoto wamechoka na la. Leo sikuwa na pa kukimbilia.

Nimesimama mbele ya darasa la kwanza, chaki mkono wa kulia, mkono wa kushoto mdomoni. Nikasema "fa". Haikutoka. Meno mawili ya mbele ya juu hayapo, mdomo wa chini hauna pa kugusa, ukatoka upepo mtupu. Darasa zima likaitikia kwa nguvu: "Ha!" Wameitikia walichosikia — kosa lao liko wapi?

Mtoto mmoja wa dawati la mbele, naye ana pengo hapo hapo, akaniuliza: Mwalimu, ya kwako yataota lini? Nikamwambia karibuni. Akaridhika.

Niliporudi ofisini walimu wenzangu wakanyamaza ghafla. Sipendi! Heri wanicheke. Kila asubuhi pole, pole mwalimu Ruthu, na huu ni mwezi wa tatu tangu ajali, tangu Yoramu. Yoramu alikuwa mume wangu. Bado mkono unagoma kuandika "alikuwa".

Hana kapiga simu kutoka chuoni Hombolo. Mwanangu huyu ana amri kuliko mkuu wa shule. Anasema kaniandikishia kwa daktari wa meno, Jumatano, nisimletee visingizio. Yale meno ya kuvaa na kuvua yaliyonishinda nisiyafikirie tena. Siku hizi wanapandikiza jino kwenye mfupa, linakaa. Nikasema nitaona. Akasema, si utaona mama, utaenda.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeenda.

Nilitegemea mzee mwenye miwani. Kumbe ni binti tu, Daktari Batuli, mtu wa Kondoa, hijabu imepigwa pasi ikanyooka. Kaniamkia shikamoo kabla sijakaa. Nikampenda hapo hapo. Sikumwonyesha.

Nilidhani atanifungua mdomo achungulie pengo. Wapi! Kakaa mbele yangu, akaanza habari za shule, bei ya zabibu, upepo huu wa Agosti unaotujaza vumbi masikioni. Nikajibu, nikajibu. Kumbe anautazama mdomo wangu wa juu. Anatazama nikiongea unapanda mpaka wapi. Na kila nikiuziba: "Mkono chini, mama Hana." Taratibu, bila hasira. Mkono chini. Nusu saa nzima mkono chini.

Anasema kazi hii wao wanaianzia mwisho. Kwanza wajue jino jipya litakaa wapi, limetokeza mbele kiasi gani, limeinama vipi, na fizi inaishia wapi juu yake. Ndipo waulize kama mfupa wa kulishika upo. Wakianza na mfupa, jino litakaa pale mfupa unapotaka, na mtu atabaki na jino refu, fizi imekimbilia juu, anaona haya maisha yake yote. Nikamwambia basi, niwekee unavyoona inafaa. Akasema hapana. Anahitaji vitu viwili kutoka kwangu.

Cha kwanza, picha yangu ya zamani ambayo meno yanaonekana.

Cha pili, nicheke.

Nikamuuliza, nicheke nini? Cheka tu. Nikacheka: "Hee." Akatikisa kichwa. Anasema hilo ni cheko la adabu, halimsaidii. Anataka mdomo ujisahau. Kama ukijisahau unapanda mpaka fizi zote zinabaki wazi, kazi ni ngumu na itachukua miezi mingi. Kama unaishia kwenye meno, kazi ni nyepesi. Kwa sasa hajui, maana mdomo wangu umejifunga na kufuli.

Akanitolea kichekesho kwenye simu yake. Mwanamume kavaa suti, anateleza kwenye tope. Nimekiangalia mpaka mwisho. Nikamwambia asante.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimemwaga picha zote kitandani. Sina hata moja!

Ya kitambulisho, mdomo umefungwa. Ya chuo cha ualimu, umefungwa. Za ubatizo wa Hana, nimefumba mdomo utadhani nina maji. Na harusi yetu, Bahi, albamu nzima — sura ya mtu anayepelekwa rumande. Ndivyo ilivyotakiwa. Bibi harusi hachekicheki. Shangazi alisimama nyuma ya mpiga picha ananikodolea macho, niinamishe kichwa, nisionekane ninafurahia kuwaacha wazazi wangu. Nikatii. Pembeni yangu Yoramu meno yote nje, kama kashinda bahati nasibu. Siku nzima alininong'oneza upuuzi ili anichekeshe mbele ya shangazi. Nilibana mbavu mpaka zikauma.

Shangazi, umeniponza.

Daktari anataka kujua meno yalikaaje, kwa sababu nilikuwa na mwanya. Nimemwambia ulikuwepo. Akauliza mpana kiasi gani? Sasa nani anaupima mwanya wake mwenyewe? Aliyekuwa anaujua ni Yoramu. Alikuwa anasema ule ndio mlango alioingilia, kwingine kote mimi nilikuwa ukuta. Na yeye yuko Bahi, chini ya udongo.

Hana kaja jioni kutoka chuoni. Kakaa kitandani katikati ya picha. Halafu akasema, mama, kiberiti! Hukumbuki? Alipokuwa mdogo akilia, baba yake alichukua njiti ya kiberiti akaisimamisha kwenye mwanya wangu, nami nikakaa hivyo, njiti imesimama, mpaka Hana anyamaze. Haikubana, haikuanguka. Ilienea sawasawa.

Nilikuwa nimesahau! Tumetoa njiti moja jikoni, tumeitia kwenye bahasha ya daktari. Halafu tumelia, watu wazima wawili, tunalilia njiti ya kiberiti.

Bartolomayo kaja tena na ule mfuko wake wa plastiki. Nimemwona dirishani. Hana alitaka kufungua, nikamwambia amwambie nimelala. Saa kumi na mbili jioni, nimelala! Akaondoka na mfuko wake. Sijui ni mchele, sijui ni sukari ya rambirambi. Sitaki.

Niandike basi, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Bartolomayo alifanya kazi na Yoramu, mafundi wa pampu za visima, wakilala porini pamoja, wakila sufuria moja. Yeye Mhehe, sisi Wagogo. Watani. Siku ya mazishi alifanya ya watani. Alishuka kaburini akalala, akasema Yoramu kamtuma ajaribu kitanda, na hatoki mpaka aletewe jogoo. Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi nilikuwa hospitali, nyuzi kwenye fizi. Wageni walikuja wodini kunisimulia, na wao wakicheka.

Najua ni mila. Mimi mwenyewe nimecheka kwenye misiba ya watu. Lakini walicheka juu ya kaburi la mume wangu, na mimi sikupata hata nafasi ya kulilia hapo. Simsamehe. Leo simsamehe.

Jumapili, 18 Agosti

Kanisani. Wimbo wa pili una f nyingi mno. Nimefungua kitabu tu.

Jumanne, 27 Agosti

Kwa daktari tena. Safari hii wamenisimamisha kwenye mashine inayozunguka kichwa. Nimeiona mifupa ya uso wangu kwenye kioo cha kompyuta. Mtu akijiona hivyo hana la kujivunia.

Nimempa bahasha. Aliitoa ile njiti akaniangalia, nikamweleza. Hakucheka. Aliipima kwa rula yake ndogo ya chuma, akaandika, kisha akaibandika kwa gundi kwenye jalada langu. Anasema kipimo hicho kinamfaa kweli. Bila mwanya angeyaweka meno yamebanana, na hapo katikati, kile kipembe cha nyama kinachokaa kati ya jino na jino kingekosa nafasi, kingebaki kishimo cheusi. Kwa hiyo mwanya wangu unarudi. Nimefurahi. Nimefurahi halafu nikaona uchungu, maana unarudi kwa nani?

Habari nyingine si nzuri. Mfupa wa mbele umeliwa, umebaki mwembamba. Jino la jirani limeanza kuegemea pengoni. Na fizi zangu ni nyepesi. Kaingiza kijichuma chembamba kando ya jino lililobaki, akanipa kioo nitazame. Nimekiona kile chuma kupitia nyama! Kivuli cha kijivu. Anasema kama fizi haiwezi kuficha kijichuma, haitaficha na skrubu ya kushikia jino. Huenda akakata nyama kidogo kwenye kaakaa, aishonee mbele iwe nene, nisubiri ipone. Huenda. Inategemea mdomo unapanda wapi. Tumerudi pale pale, kwenye cheko.

Kisha akaukunjua mdomo wangu wa juu, akautazama ndani muda mrefu. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hauna kovu."

Nikamwitikia kwa kichwa.

Akasema mtu akianguka na mdomo umefungwa, mdomo ndio unaopasuka, meno yanaukata kwa ndani. Wangu mzima. Kwa hiyo nilipoanguka mdomo ulikuwa wazi. Wazi sana, kasema. "Ulikuwa unapiga kelele, mama Hana?"

Nikasema ndiyo.

Jumatano, 28 Agosti

Sikuwa napiga kelele.

Nilikuwa nacheka.

Tulikuwa tunatoka Bahi, tumekwenda kumwona mama mkwe na kutazama mpunga wake. Mchana kweupe, barabara tupu. Yoramu anaendesha pikipiki, mimi nyuma. Ananisimulia kisa cha Bartolomayo na mbuzi, anapaza sauti kwa ajili ya upepo. Bartolomayo kaenda mnadani kanunua beberu. Kamfunga nyuma ya kilabu cha pombe, kaingia kunywa kidogo. Kidogo ikawa nyingi. Giza limeingia, katoka, kapapasa kamba, kaivuta mpaka kwake Nkuhungu. Njia nzima anagombana na beberu kwa Kihehe, kwa nini mzito, kwa nini hataki kutembea, kesho atamwona! Na Yoramu anaigiza ile sauti, ile ya Bartolomayo ya puani, mimi nyuma huko nimekwisha, machozi yananitoka. Kafika kwake, kasimama mlangoni kwa maringo, kamwita mkewe: "Mama Cecilia! Leta taa, njoo uone—"

Hapo akageuza kichwa.

Akageuza kichwa kuniangalia nikicheka. Alikuwa hivyo siku zote. Akisema la kuchekesha lazima anitazame, hata kanisani, hata msibani. Ng'ombe alitokea upande wa kulia. Nilimwona mimi, yeye alikuwa ananiona mimi.

Sijamwambia mtu. Hana hajui. Ningekuwa nimenuna siku ile, angetazama barabara. Ningenuna tu! Nani anaumia mke akinuna?

Na kisa hakikuisha. Sijui Mama Cecilia alileta taa akaona nini.

Jumamosi, 7 Septemba

Bahi. Leo wamegawa nguo zake. Walinisubiri nipone.

Mashati, suruali za kazi, viatu. Kila kilichotoka kwenye sanduku mtu alikipokea kwa mikono miwili. Mama mkwe akauliza koti liko wapi, lile la kahawia la wakati wa baridi, alitaka apewe Ernest, mdogo wake Yoramu. Nikasema sijaliona. Nimelitafuta nyumba nzima tangu Juni, sijaliona. Wanawake wakatazamana. Wanadhani nimelificha! Kwa nini nilifiche? Ningelipata ningelilalia, hiyo ni kweli, lakini nisingesema uongo.

Jioni mama mkwe akanivuta pembeni ya zizi. Ana zaidi ya miaka themanini na haoni haya. Akaushika uso wangu, akachungulia pengo. Yeye meno yake mawili ya chini aling'olewa usichanani, kwa mila za zamani za kwetu. Akasema, sisi tulitolewa ya chini kwa ngoma na pombe, wewe umetolewa ya juu na ng'ombe, tena ng'ombe wa mtu. Sikujua kama ni utani. Sikucheka. Akanitazama.

Akasema: "Wewe hukutaniwa. Sisi tulilia, yule Mhehe akatuchekesha, tukalia tena, tukamaliza. Wewe umelia upande mmoja tu."

Nikamwambia mama, sina hamu ya kucheka. Akasema hakuna aliyekuwa na hamu.

Jumanne, 10 Septemba

Leo daktari kanitengenezea meno ya nta. Meno mawili, na katikati mwanya wa njiti ya kiberiti. Kayabandika pengoni taratibu, anayasogeza mbele kidogo, anarudi nyuma, anatazama pembeni, anayainua, anayashusha. Kanipa kioo.

Nimejiona. Ruthu wa mwezi wa nne, huyo hapo kwenye kioo!

Nikasema "fa". Ikatoka! Fa! Fe! Fi! Yule muuguzi wake akapiga makofi. Daktari akasema haraka haraka, sasa hapo hapo cheka, mama Hana, cheka, akanyanyua kamera. Nami nikaangua kilio. Nimelia mpaka nta ikadondoka kwenye kanga.

Alinisubiri. Kisha akasema anaweza kukisia, wengine hukisia. Akikosea, ile rangi ya chuma itaonekana ukingoni mwa fizi kila nitakapocheka. Nikamwambia basi haina shida. Sitacheka.

Akaweka vifaa chini. Binti mdogo yule, mpole yule! Akasema hawezi kumpangia meno ya mbele mtu ambaye hana nia ya kucheka. Kama ni ya kutafunia tu ningemwambia, angeniwekea ya bei rahisi na tumeagana. Niende nikafikiri. Na nikirudi nije na mtu anayenichekesha.

Nikamwambia huyo amekufa.

Halafu akauliza, hakuna mwingine kabisa?

Nimetoka nimemkasirikia. Nimefika nyumbani bado nimemkasirikia. Hakuna mwingine, Batuli! Mwingine mwenyewe ni yule anayekuja na mfuko.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeenda kwa Bartolomayo.

Nimesimama kwenye mlango ule ule wa kisa. Mlango wa bati, rangi ya bluu imebanduka. Nikataka kugeuka. Mama Cecilia akaniona, akanikaribisha ndani, akamwita mumewe, akatuachia chai na akaenda zake jikoni. Mwanamke mwenye akili.

Bartolomayo amekonda. Kanisalimia, "Kamwene, shemeji." Basi. Hakuongeza neno. Huyu mtu tangu nimjue hajawahi kunisalimia bila kunitukana! Nilikuja nimejiandaa kuchukia utani wake, na hakuwa nao. Imeniuma kuliko utani wenyewe.

Sikunywa chai. Nimemwambia yote. Bahi, barabara, beberu, sauti ya puani, kichwa kilivyogeuka. Nimemwambia Yoramu alikufa anakuigiza wewe, na mimi namcheka. Miezi minne nimelibeba hili peke yangu, na wa kwanza kuambiwa ni mtu niliyekuwa namfungia mlango.

Alikaa ameshika kikombe. Nikadhani atasema pole, ningemmwagia ile chai. Akauliza: "Alikuwa kafika wapi?"

Wapi? Kwenye mbuzi. Alikuwa kafika wapi kwenye mbuzi?

Nikasema, "Leta taa, njoo uone."

Akafumba macho. Akasema, jamani Yoramu. Sasa hapo si ndipo patamu penyewe palipokuwa panaanza! Nikamwambia usinisimulie hapa. Njoo nami kwa daktari wa meno Jumanne, unisimulie huko. Nikamweleza habari ya mdomo, fizi, skrubu. Alisikiliza kwa makini sana, amekunja uso.

Kisha akasema: "Nilijua tu. Mgogo akisimama mlangoni kwa mtu, kaja kuomba. Nimewapa chumvi, nimewapa unga. Lakini wa kuomba kicheko, wewe ndiye wa kwanza."

Mdomo wangu ukajibu wenyewe, sikuutuma: "Nyamaza, mla mbwa."

Tukatazamana. Ni neno la kwanza la namna hiyo tangu Mei. Hakuna aliyecheka. Lakini chai nimeinywa.

Jumanne, 17 Septemba

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari. Shule ziko likizo fupi. Daktari Batuli anamalizia mgonjwa mwingine, katuambia tusubiri kidogo. Katutazama mimi na Bartolomayo, hakuuliza. Meno ya nta ninayo tayari, muuguzi kanibandikia upya, kanikataza kung'ata chochote.

Bartolomayo kavaa shati la kanisani. Kaja na mfuko. Ule ule!

Nikamwambia, hiyo sukari yako utairudisha nyumbani. Akasema hakuna sukari humu. Akaufungua, akatoa kitu kilichokunjwa vizuri, akanipakatisha.

Koti la kahawia.

Kumbe lilikuwa kwake siku zote! Bahi wananiona mwizi, kumbe liko Nkuhungu kwenye mfuko wa plastiki. Akasema, shemeji, nimekuletea mlangoni kwako mara ngapi? Nimelinusa. Harufu yake ipo, ya grisi na jasho na sabuni ya kipande, na nyuma yake harufu nyingine mbaya. Kola yote imetafunwa, mkono wa kushoto umetafunwa mpaka kwenye kiwiko. Nikauliza nani kafanya hivi? Panya?

Akasema, hiyo ndiyo sehemu iliyobaki.

Nikamwambia usianze, ngoja daktari. Lakini alishaanza, polepole, na si kwa sauti yake. Anasimulia kwa sauti ya Yoramu anapomwigiza yeye Bartolomayo. Mama Cecilia kaja na taa. Kammulika mumewe, kaona kamba mkononi, kaifuata ile kamba kwa taa mpaka mwisho, na mwishoni kuna dumu la maji. Tupu! Dumu la lita ishirini! Kalivuta kutoka mnadani, kalibembeleza, kalitukana kwa Kihehe njia nzima. Na nyuma ya Mama Cecilia, uani, beberu kafungwa kwenye nguzo, mzima. Yoramu ndiye aliyembadilisha kule kilabuni, kampitisha njia ya mkato, na kabla ya kukimbia kamvalisha—

Nikasema nyamaza! Nyamaza hapo hapo! Usimalize nje!

Kanyamaza. Nimeinama juu ya daftari hili, nimeuziba mdomo kwa mkono wa kushoto, kulia naandika. Mdomo wa juu unatetemeka. Unapanda. Nauona ulivyo, sihitaji kioo, unapanda mpaka kule juu alikosema daktari, kwenye kazi ngumu, kwenye miezi mingi. Nina beberu machoni, kavaa koti la mume wangu. Na nimeogopa. Mara ya mwisho ulipopanda hivi, mtu aligeuza kichwa.

Bartolomayo hanigeukii. Ndiyo kwanza nimegundua. Alinisimulia huku anatazama ukuta wa mbele, shingo imekakamaa, machozi yanamtiririka mpaka kwenye shati la kanisani, na hathubutu kunitazama. Ni kwa sababu nilimwambia.

Mlango umefunguliwa. Daktari Batuli kasimama na kamera yake.

"Mkono chini, mama Hana."

Nimeushusha. Bartolomayo bado yuko na ukuta. Nimemgusa bega, nimemwambia: geuka, shemeji. Humu hakuna ng'ombe.